Gramu Mia Nne

Kazi yangu ni mizani.
Si ile ya washairi, ya kuhesabu silabi kwa vidole;
ni ile ya chuma, ya viwanja vya ndege,
inayobeba sanduku na kutema tarakimu nyekundu.
Nasafiri na mawe yangu ya kupimia ndani ya mkoba wa mbao,
na kila mwezi afisa wa usalama huniuliza: Hivi ni nini?
Ni kilo, namwambia. Kilo yenyewe.
Hacheki.

Nimelala Vilnius kwenye viti vyenye vyuma katikati,
vilivyotiwa pale makusudi, mtu asilale.
Nimekunywa supu Tashkent saa kumi alfajiri
nisijue ni chakula cha jana au cha kesho.
Kiti 23F nakijua kama mguu unavyokijua kiatu:
bawa limeziba kila kitu,
milima ya Kaukazi nimeiona mara kumi na moja,
vipande vipande.
Jirani akishuka hunipa mkono kama tuliotoka kuzika.
Jina lake silijui. Najua anavyokoroma.

Gdansk, Februari, foleni ya kabla ya jua.
Mbele yangu Bi Halszka, anakwenda kwa bintiye Bergen.
Ishirini na tatu nukta nne.
"Imezidi," akasema kijana wa kaunta, pasipo ubaya.
Akafungua sanduku. Akatoa pasi. Akairudisha.
Akatoa mtungi wa matango ya siki;
kijana akatikisa kichwa: huko mbele watauchukua.
Mwisho akavuta koti la mwanamume, zito, la kahawia,
akalivaa juu ya lake, mikono ikameza vidole,
akasimama amevaa watu wawili.
Ishirini na moja kamili. Akapita.

Usiku wake nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mizani ile ile,
nikaibandika stika ya kijani: NI SAHIHI.
Na ilikuwa sahihi.
Nilizifunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga,
mpaka alipotoweka.

Treni haina neno na kilo zako.
Almaty hadi Aktobe, nyika usiku na mchana,
na Raushan, mhudumu wa behewa la saba,
anagawa shuka zilizonyooshwa na kufoka juu ya viatu.
Yerzat, askari aliyepewa likizo,
alitukatia nyama ya farasi kwa kisu cha kukunja,
akaanza kusema habari za mchumba wake,
akalala katikati ya jina lake.
Nje hakuna kitu. Kisha ngamia.
Kisha hakuna kitu.

Stesheni ya Aral tulisimama dakika kumi na nne.
Kunsulu huuza samaki wa moshi kwa mizani ya ndoano.
Nilichukua kilo moja, na mkono wangu ukakataa:
hii si kilo.
Nikavaa glavu, nikaning'iniza jiwe langu.
Mshale ukagota kwenye mia sita.
Ilikuwa inampunja yeye, muuzaji,
gramu mia nne kwa kila kilo,
miaka mingapi, Mungu ndiye ajuaye.
Nikakaza skrubu. Honi ikalia. Nikarukia ngazi
kifua mbele, mtenda wema.

Nilipopita tena, vuli, alinitambua kabla sijashuka.
"Wewe! Niliilegeza."
Kwa nini?
"Watu walisema samaki wangu wamekonda."
Raushan alicheka hadi akashika mlango.
Nikanunua kilo moja, ikalemea mkono,
tukaila sote behewa la saba juu ya gazeti,
miiba tukaifunga humo humo,
na harufu ikaingia kwenye mkoba wa mbao, haijatoka.

Uwanja uliofuata, afisa alifungua, akainama, akanusa.
Hivi ni nini?
Nikakosa jibu la haraka.